Nani Aliyesema Karibu Bustanini kwa Bi Pimbi?

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na baridi!

Basi sogeeni motoni, na wewe unayechokonoa kuni acha, tusije tukavuta moshi bure. Ngano ya leo hunisimamisha nywele kila ninapoisema. Nimeisema mara nyingi na bado hazijazoea. Mkishindwa kulala, msinilaumu.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya milima mirefu, aliishi Bi Pimbi na watoto wake watatu. Nyumba yao ilikuwa miambani, maana pimbi na mwamba hawaachani. Siku hizo wanyama na watu walikuwa majirani. Walipeana moto, walisalimiana, waligombana na kupatana.

Nchi hiyo ilikuwa na kipupwe kikali. Masika yakiisha tu, baridi inashuka kutoka kileleni. Unaamka asubuhi unakuta sakitu, yaani ule umande ulioganda, imelala juu ya majani, nyeupe kama unga. Jua likiiyeyusha, majani yanabaki meusi kama yaliyopitiwa na moto. Hapo hakuna nyasi, hakuna mboga, hakuna kitu. Wenye miguu mirefu huteremka bondeni wakatafute. Wenye miguu mifupi hubaki na kuvumilia.

Kipupwe cha mwaka uliotangulia kilimkuta Bi Pimbi na watoto wanne, kikamwachia watatu.

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Tangu siku hiyo akawa na kikohozi kidogo, hawezi kusema neno bila kukohoa kwanza: ehem. Kisha akajiapiza kwamba kipupwe kingine kisimkute mikono mitupu. Masika hayajaisha, ardhi ingali na joto lake, akalima bustani nyuma ya nyumba. Akapanda kabichi, akapanda sukuma wiki, akapanda figili na njegere. Akamwaga samadi mpaka matuta yakafuka mvuke asubuhi. Kisha akapanga mawe kuzunguka kila tuta, kwa sababu mtoto wa miambani anajua kwamba jiwe likishinda juani huwa bado na joto usiku.

Majirani walimcheka. Walimuuliza kama anataka kuvuna barafu. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Nungunungu.

Nungunungu wa siku hizo siye huyu mnayemjua. Mgongo wake ulikuwa laini, manyoya yake teketeke, na kila akipita penye maji alisimama ajitazame. Alikuwa na kucha za kuchimbia kali kuliko mnyama yeyote mlimani, lakini jembe hakuligusa. Alisema udongo unachafua manyoya. Haya, ndio wajuzi wa kucheka hao, tunao hata hapa kijijini, sitaji jina la mtu.

Kipupwe kikaingia. Kila jioni Bi Pimbi na watoto walifunika matuta kwa nyasi kavu, mboga zikalala kama watoto chini ya blanketi. Kila asubuhi jua likipanda walizifunua. Siku sakitu ya kwanza iliposhuka, mlima wote uliungua. Majirani wakaja kumpa pole. Bi Pimbi akainua nyasi, na chini yake kabichi zikawatazama, za kijani kibichi, zina matone ya maji.

Majirani wakaduwaa. Swala alisahau kutafuna alichokuwa anatafuna.

Sasa shikeni hili, kwani ngano yote imesimama juu yake. Katika nchi ile bustani haikuwa na mlango, lakini ilipigiwa hodi kama nyumba. Jirani aliyepungukiwa mboga alisimama ukingoni akaita hodi. Asipojibiwa, aliita tena. Asipojibiwa mara ya tatu, alirudi kwake. Akijibiwa karibu, aliingia akachuma ukufi mmoja, yaani kiganja kimoja, cha majani ya chini, akaacha moyo wa mmea uendelee kukua. Hakuna aliyeuliza umechuma nini, maana ukishasema karibu umeshatoa. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao.

Siku ya kwanza Nungunungu akaja. Akaita hodi. Bi Pimbi akamjibu: ehem, karibu, baba, chuma tu. Akachuma, akaenda.

Siku ya pili akaja tena. Ehem, karibu, baba, chuma tu. Akachuma, akaenda.

Siku ya tatu akaja tena. Safari hii Bi Pimbi akamkaribisha, kisha akamwambia kwa upole kwamba anayo miche iliyobaki, na tuta moja analoweza kumwachia, na atamfundisha kufunika na kufunua. Nungunungu akautazama mgongo wake laini. Akasema mgongo unamuuma. Akaondoka amenuna, na njiani akawa anajiuliza kwa nini ahangaike kuomba ukufi mmoja wakati bustani nzima inajibu kwa neno moja tu, karibu.

Juu ya miamba ya Bi Pimbi alikuwa anakaa Kasuku, ametuna manyoya kwa baridi na njaa. Nungunungu akamwendea. Akamwahidi njegere, ateme na kumeza atakavyo. Kazi yake ni ndogo tu: asikilize anavyosema Bi Pimbi, na kila hodi itakapopigwa, ajibu vilevile. Kasuku akakubali. Kwake neno lilikuwa neno, hakujali ni la nani.

Basi. Asubuhi moja Bi Pimbi alirudi kutoka kijitoni na mtungi wake, akamtuma Tunu, binti yake mkubwa, akachume mboga. Tunu alitoka akirukaruka. Alirudi anatembea polepole, mikono mitupu. Akasema tuta la kabichi limekwisha.

Bi Pimbi alitoka mbio. Nyasi zilikuwa juu ya tuta, zimetandazwa vizuri kama alivyoziacha. Akazifunua. Chini yake hakukuwa na kabichi hata moja, ni vishina tu, na kila kishina kimeng'atwa moyo. Macho yakamtoka. Akafunua mbele, akafunua nyuma, akarudi kufunua palepale alipoanzia, kama mtu aliyepoteza sindano. Mtungi ulimponyoka, ukapasuka, wala hakuusikia.

Akawauliza watoto nani aliingia. Watoto wakatazamana. Tunu akajibu kwamba Nungunungu alikuja, akaita hodi, na akakaribishwa.

"Na nani?" akauliza Bi Pimbi.

"Na wewe, mama," akasema Tunu. "Tulikusikia. Ulikohoa, ukasema karibu, baba, chuma tu."

Enyi watu, hebu fikirini. Mama alikuwa kijitoni. Miguu yake ilikuwa bado ina maji ya kijito. Na watoto wake mwenyewe, waliotoka tumboni mwake, wanamwambia walimsikia. Bi Pimbi alikaa chini kwenye udongo. Alitaka kuwagombeza kwa kusema uongo, lakini aliwatazama nyuso, akaona hawasemi uongo. Hilo lilimwogopesha kuliko wizi.

Siku iliyofuata alirudi kutoka kijitoni na mtungi wa kuazima, akakuta Mama Nakunda, jirani yake wa upande wa watu, anatoka bustanini na ukufi wa sukuma wiki. Mama Nakunda alikuwa mwanamke mnyoofu, mtu wa kusema asante mara mbili. Akamshukuru Bi Pimbi kwa kumkaribisha. Akamwambia mtoto wake hajala tangu jana, na Mungu atamlipa.

Bi Pimbi akamuuliza amekaribishwa saa ngapi. Mama Nakunda akacheka, akadhani ni utani. Akasema ni sasa hivi, hata kikohozi amekisikia, na akamshauri achemshe majani ya mkaratusi, kifua hicho si cha kuachia. Kisha akauona mtungi umejaa maji kichwani pa mwenziwe. Kicheko kikamwishia.

"Dada," akasema, "wewe unatoka wapi?"

"Natoka kijitoni."

Walisimama wakitazamana. Mama Nakunda aliangalia mboga mkononi mwake kama kitu kilichookotwa makaburini. Alitaka kuzirudisha. Bi Pimbi akakataa, kwa sababu mtoto wa mwenziwe alikuwa na njaa, na njaa ya mtoto alikuwa anaijua.

Alipofika bustanini, tuta la sukuma wiki nalo lilikuwa limeng'olewa karibu lote. Ukufi wa Mama Nakunda usingeweza kumaliza kona moja. Zilibaki figili na njegere tu, na kipupwe kilikuwa hakijafika katikati.

Maneno yakaanza kuzagaa. Wengine walisema Bi Pimbi ametokewa na kivuli kinachosema. Wengine walisema anakaribisha watu kisha anakana, tabia mbaya hiyo. Nungunungu, shavu limevimba kabichi, alipita kila nyumba akisikitika kwamba uchungu wa kufiwa umemvuruga masikini. Na Bi Pimbi mwenyewe, niwafiche nini, alianza kuamini. Aliketi motoni akaangalia watoto wake wakigawana figili moja. Akawaza labda ni kweli, labda mdomo wake unatembea peke yake bila yeye. Alihesabu vichwa vya watoto, akahesabu tena. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba mvua za vuli zitakuja zimkute na wawili.

Baada ya siku kadhaa akaamua kujisikia mwenyewe. Aliwaaga watoto akawaambia anakwenda kijitoni. Akazunguka nyuma ya miamba, akauficha mtungi, akatambaa mpaka tuta la figili, akajilaza katikati ya mboga na kujifunika nyasi kavu. Akatulia. Pale chini palikuwa na joto la samadi.

Hakukaa sana. Akasikia hatua za mtu asiye na haraka. Kisha sauti ikaita: hodi. Kimya. Ikaita tena: hodi. Kimya. Ikaita mara ya tatu: hodi.

"Ehem. Karibu, baba, chuma tu."

Mnanisikia? Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na kikohozi chake, kilekile alichokipata kwa kumlilia mwanawe. Nywele zilimsimama kuanzia kisogo hadi mkiani, naye mkia hana. Akapeleka mkono mdomoni auguse. Mdomo ulikuwa umefumba.

Halafu kutoka ndani ya nyumba Tunu akaita, "Mama, umerudi?"

Na ile sauti ikajibu, "Ehem. Nimerudi, mwanangu. Kaa motoni."

Hapo Bi Pimbi alikaribia kupiga ukelele. Kuibiwa mboga ni jambo moja. Lakini mwanawe aliita mama, akaitikiwa na mwingine, na akaridhika. Aling'ata ulimi mpaka ukatoka damu. Akachungulia katikati ya nyasi. Juu ya jiwe la ukingo amekaa Kasuku, kifua mbele, anasubiri njegere. Na Nungunungu na tenga lake, anang'oa figili na mizizi yake, anauma moyo, anatupa majani, anang'oa nyingine.

Bi Pimbi hakuruka. Alikuwa mdogo na Nungunungu ana kucha. Tena aliwaza, nani atamwamini? Mlima mzima ulisikia mdomo wake ukitoa ruhusa. Akabaki chini ya nyasi, na pale chini akaligundua jambo. Kasuku hakuuliza ni nani anayeita. Alijibu kwa sababu ameitwa. Mama Nakunda aliita akajibiwa, Nungunungu aliita akajibiwa. Basi Kasuku atajibu kila hodi, popote atakapokuwa. Na tenga lilipojaa, alimwona akimfuata Nungunungu kwenda kukaa tunduni kwake, penye malipo.

Jioni akaenda kwa Mama Nakunda. Akamwomba kesho asubuhi awaite majirani wote, wakutane mlangoni kwa Nungunungu, na Mama Nakunda ndiye apige hodi. Mama Nakunda alimtazama kwa huruma, kama tunavyomtazama mtu tunayedhani amepungukiwa. Akamuuliza ni kwa nini. Bi Pimbi akamjibu kwamba akisikia atajua.

Kesho yake jua likichomoza majirani walikuwa pale. Kobe alifika, Swala alifika, Kanga alifika na mdomo wake usiokaa kimya. Bi Pimbi alifika mwisho, mashavu yamevimba. Wakamsalimu, hakuitikia. Wakampa pole, hakuitikia. Alikwenda akasimama katikati yao, mahali pa wazi ambapo kila mmoja anamwona, akatulia. Kanga alinong'ona kwamba sasa na ububu umeingia.

Mama Nakunda akasogea kwenye tundu la Nungunungu. Akaita hodi. Kimya. Akaita hodi. Kimya. Akageuka kumtazama Bi Pimbi, na Bi Pimbi akamwashiria kwa kichwa. Akaita mara ya tatu.

Kutoka gizani, ndani kabisa ya tundu, sauti ikatoka.

"Ehem. Karibu, mama, chuma tu."

Wote waligeuka kwa pamoja. Bi Pimbi alikuwa palepale. Akainama, akafumbua mdomo, na maji aliyokuwa ameyajaza mashavuni yakamwagika chini mbele yao, puu. Kobe aliingiza kichwa ndani, na kwa muda mrefu hakukitoa. Kanga alijificha nyuma ya Swala. Na Mama Nakunda machozi yalimlengalenga, kwa sababu alikumbuka jinsi alivyomtazama mwenziwe jana.

Kisha akajifuta, akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Tumepiga hodi," akasema, "na tumekaribishwa. Twendeni tukachume."

Wakaingia wote. Na ndani, jamani, ndani walikuta mlima, na Kasuku amekaa juu yake. Kabichi juu ya kabichi, sukuma wiki, figili, chungu nzima mpaka darini. Zile za juu zilikuwa nzima. Zile za chini zilikuwa zimeoza, zinatoka maji meusi, zinanuka. Watoto watatu wanagawana figili moja, na huku chakula kinaoza kwa sababu tumbo la mwizi limeshindwa kukimaliza. Bi Pimbi alishika kabichi iliyooza, ikamyeyukia mkononi. Alilia mbele ya wote bila aibu.

Nungunungu aliamka usingizini akakuta nyumba imejaa watu. Wanabeba mboga, wanabeba matenga, Swala anabeba hata majani ya kulalia. Akapandwa na hasira. Akasimama mlangoni awazuie.

"Nani kawaruhusu?" akauliza. "Hii nyumba yangu. Mimi sikusema karibu."

Bi Pimbi akamgeukia.

"Ehem," akasema. "Hata mimi sikusema."

Nungunungu akamtazama Kasuku, akamtazama Bi Pimbi, akasogea mlangoni wakapita.

Majirani wakakata shauri. Mboga nzima zikarudi kwa mwenyewe. Zilizooza zikawa mbolea. Na Nungunungu akaambiwa kwamba kipupwe chote kilichobaki, kila jioni atabeba nyasi kavu mgongoni mwake, mgongo huohuo laini, akafunike matuta ya Bi Pimbi. Kasuku alijitetea kwamba yeye alisema tu alichofundishwa. Wakamwachia aende, lakini tangu hapo hakuna anayemsadiki. Mpaka leo Kasuku akisema karibu, mgeni huchungulia kwanza aone mwenye nyumba yuko wapi.

Bi Pimbi hakung'oa vile vishina vilivyong'atwa moyo. Majirani walidhani vimekufa. Yeye akavifunika jioni na kuvifunua asubuhi, akaviwekea samadi, akavingoja. Siku moja Tunu alifunua nyasi akapiga kelele, na mama akaja mbio moyo mkononi, akidhani wameibiwa tena. Kumbe ubavuni mwa kila kishina vimetoka vichipukizi, vidogo, vya kijani. Walichuma hivyo, vikatoka vingine.

Na Nungunungu? Alibeba nyasi jioni ya kwanza, akabeba jioni ya pili. Jioni ya tatu uvivu ukamrudia. Badala ya kufunika tuta akajilaza ukingoni, akajifunika yeye zile nyasi, akalala. Sakitu ikashuka. Asubuhi akaamka, akajikung'uta, nyasi hazitoki. Akajikung'uta tena, hazitoki. Akakimbilia majini alikozoea kujitazama. Zimegandia mgongoni, zimeingia nyamani, ngumu kama mishale, nusu nyeupe kwa sakitu, nusu nyeusi kwa udongo. Alilia kilio ambacho milima ilikirudia. Ndiyo miiba yake mnayoiona. Akitembea inalia cha-cha-cha, na mwenye shamba akisikia anajua nani amekuja bila hodi.

Mvua za vuli zikanyesha. Nyasi zikaota mlima mzima. Bi Pimbi akatoka nje asubuhi na watoto wake, akawahesabu mlangoni mmoja mmoja. Walikuwa watatu. Alikaa kwenye jiwe, akawahesabu tena.

Ngano hii inatufundisha kwamba ukiiba ukarimu wa mwenzako, ukakaribisha kwa mdomo wake, siku moja watu watapiga hodi kwako na neno hilohilo litawafungulia mlango. Tena inatufundisha tusiharakishe kusema fulani amevurugikiwa. Tungoje kwanza atoe maji mdomoni.

Ngano yangu imefika ukingoni mwa tuta, nami naifunika nyasi ilale. Aliyeshiba ainuke akalale. Na ambaye hajashiba apige hodi kwa mwingine, maana mimi leo nimekwisha kuchumwa.